Ugali Uliorudi Mweusi

Nimeishi uwanja mmoja na baba mkwe wangu kwa miaka, na uso wake sikuujua. Ukiniuliza mabuti yake nitakueleza mpaka ule mpasuko wa kisigino alioushona kwa uzi wa gunia. Kikohozi chake ningekitambua katikati ya watu wa soko zima. Mgongo wake, kofia yake ya sufu, mkono wake ukipokea jagi la maji dirishani, vyote navijua. Uso, hapana.

Mimi ni mtoto wa Tunduma niliyeolewa Ibaba, huko milimani kwa Wandali, na katika nyumba ile mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Akitokea njiani unashuka kwenye maharage ya watu, unajifunika kitenge na kuinama mpaka mabuti yapite. Hamkai chumba kimoja, na kitu humpi mkono kwa mkono. Jina lake hulitaji, wala neno linalofanana nalo, na kwa kuwa jina lake linakaribiana na lile la mvua, mimi nilikaa kwenye milima ile inayonyeshewa kila mara nikipiga kelele, "Maji ya juu yanakuja, anueni nguo!" Watu walicheka mpaka wakazoea. Hata hapa sitalitaja, basi nitamwita Baba Mkwe, kama nilivyomwita siku zote.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi wa shule ya msingi, na alishuku kila kitu kinacholiwa. Si kwamba alikuwa mchoyo wa kula. Alikula vizuri sana, lakini kwanza chakula kilipaswa kutoa maelezo. Neno lake lilikuwa moja: "Umekiuliza?" Mama mkwe akileta mayai kutoka kwa jirani, nilisikia kutoka jikoni: "Umeyauliza?" Kisha sauti ya beseni, maji, na mayai yakitumbukizwa. Lililozama lililala salama, na lililoelea lilirudi kwa mwenyewe hata kama ni jirani mwema kiasi gani.

Hata sadaka ya Mungu aliiuliza. Kanisani kwetu baada ya ibada kuna mnada wa vitu vilivyotolewa: mkungu wa ndizi, jogoo, debe la viazi. Jumapili moja yaliletwa mayai ya mzee mmoja wa kanisa, mnadi akaanza kuyasifu, na Baba Mkwe akasimama kuomba maji kwenye beseni. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, macho chini, nikasikia maji yakimiminwa. Mayai yalielea karibu yote. Mzee yule alibadilisha njia ya kwenda shambani ili asipite kwetu.

Wauza maziwa nao walimwogopa. Mfukoni mwa shati alitembea na kichupa cha ile dawa ya kahawia ya kupaka kwenye kidonda, iodini. Anamimina maziwa kwenye kijiko, anadondosha tone, anangoja. Maziwa yaliyoongezwa maji na kufichwa kwa unga wa ngano yaligeuka bluu mbele ya mwenyewe, na hapo hakuna ubishi tena. Baada ya muda maziwa yaliyofika nyumbani kwetu yalikuwa mazito ajabu, kwa kuwa wauzaji wa maziwa mepesi walikuwa wanapita nyuma ya kilima.

Sasa na mimi nieleze nilikotoka, ili usifikiri kushuku kulikuwa kwake peke yake. Mama yangu aliuza mchele wa Kamsamba sokoni Tunduma, karibu na mpaka. Alinifundisha kuingiza mkono mpaka chini ya gunia, kwa kuwa juu hupangwa mchele wa kuonyesha. Alinifundisha kukwaruza noti kwa ukucha, ya kwetu na ya Zambia pia, huku nikimsalimia mteja kwa Kibemba, "Mulishani," na kucheka naye. Kucheka ni kwa mdomo, alisema mama, macho yabaki kwenye mikono ya mtu. Basi walionioza Ibaba waliingiza mshuku katika nyumba ya mshuku mwenzake, kisha wakatuwekea ukuta katikati.

Mume wangu alikuwa wakala wa forodha Tunduma. Alinileta nyumbani kwao nikae na wazazi mpaka apate nyumba nzuri, akarudi kwenye malori yake. Nikabaki napika kwa moshi na baridi ya Ibaba, na kila nilichopika mama mkwe alikibeba kukipeleka upande wa pili wa uwanja, kwa mtu ambaye sikuruhusiwa kumwona akionja.

Mpishi asiyeona uso wa mlaji anasoma sahani, na mimi nilizisoma. Sahani ya kwanza kunitia wasiwasi ilirudi imeliwa yote, isipokuwa kipande cha kiazi kilichowekwa peke yake ukingoni, upande wenye rangi ya kijani ukitazama juu. Nikamuuliza mama mkwe maana yake.

"Anasema kijani cha kiazi ni sumu," alinijibu, na hakunitazama usoni.

Sumu! Neno hilo kwenye sahani ya mke mgeni. Leo najua kwamba kiazi kilichopigwa na jua hugeuka kijani na kuwa na sumu kweli, na kwamba yeye alimwambia hivyo kila mtu, hata muuza viazi. Lakini siku ile nilijifungia stoo nikalia kwa hasira.

Halafu likaja la manjano. Nilipika mchuzi kwa manjano kama tunavyopika mjini, ukamwagikia kitambaa cheupe cha meza. Nikakipeleka mtoni, nikakipaka sabuni ya mche, na lile doa la njano likawa jekundu kama damu ya kuku. Wanawake waliokuwa wanafua jirani nami waliokota nguo zao wakasogea juu ya maji, mmoja mmoja. Habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Jioni ile nilimsikia Baba Mkwe uwanjani anaongea na kuku. Hiyo ilikuwa njia yake. Mwiko ulimkataza kusema na mimi, haukumkataza kusema na kuku, na kuku wake walifundishwa mambo mengi ambayo kuku hawana haja nayo.

"Ninyi kuku," alisema kwa sauti ya darasani, "manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu. Si damu. Kamulieni limau, yatarudi njano. Kisha kianikeni juani, jua litalila doa lote."

Nilifanya hivyo nikiwa nimesimama peke yangu kwenye kamba, na ikawa kama alivyosema. Ungedhani hapo ningempenda. Wapi! Nilijiuliza amejuaje haraka hivyo, na kwa nini alingoja mpaka wanawake wakasema waliyosema.

Maana mtu yule alikuwa na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Aliuliza mayai na maziwa, aliwacheka watu wanaoogopa bundi, lakini kucha zake alizozikata alizikusanya kwenye karatasi na kuzichoma mwenyewe, asizipate mtu. Nilimsikia mama mkwe akimtania, "Mwalimu mzima!" Akajibu, "Sijasema naamini. Nasema sijathibitisha kwamba ni uongo." Mtu anayechoma kucha zake anamwogopa nani katika nyumba ya watu watatu? Nilihesabu na kujiona nimebaki mimi.

Ndipo ukaja ugali.

Mchana huo mama mkwe alipeleka ugali mweupe, unafuka moshi, na mboga za maboga na maharage. Baada ya muda alirudi na sahani. Mboga na maharage vimeliwa, ugali umemegwa pembeni tu, juu yake kuna matone ya kahawia niliyodhani ni mchuzi. Alikatiza uwanja katika ule upepo wa baridi, akafika mlangoni mwa jiko, akanikabidhi. Na ugali ule ukaanza kuwa mweusi mikononi mwangu. Kwanza yale matone yalipata kivuli cha bluu, kisha yakatanuka meusi kama masizi. Sote wawili tuliona.

"Kule ulikuwa mweupe," mama mkwe alinong'ona. "Nimeutazama kwa macho yangu. Kule ulikuwa mweupe."

Hakumalizia, lakini nilimaliza mwenyewe: umekuwa mweusi ulipofika kwako.

Ugali ulirudi hivyo tena, na tena. Siku hizohizo ndizi mbivu zilianza kuisha stoo bila kuonekana mlaji, na asali ikapungua kwenye mtungi. Mama mkwe akaanza kuonja chakula kabla ya kukipeleka, mbele yangu, akitafuna polepole huku ananitazama. Mwishowe akamwita shangazi wa mume wangu, dada wa Baba Mkwe, mwanamke mwenye sauti inayosikika mpaka bondeni. Hapo nilijua kinachotafutwa. Shangazi haitwi kuonja mboga. Anaitwa mke anaporudishwa kwao.

Walikaa ndani, mimi nikakaa nje chini ya dirisha, mahali paliponiruhusu kusikia.

"Kaka," shangazi alisema, "chakula cha mwanamke mwema hakigeuki rangi. Huyu mtoto wa mpakani tunamjua? Tumrudishe salama kabla hatujazika mtu."

Nilingoja aseme. Yeye aliyejua kwa nini maziwa yanageuka bluu, aliyejua damu ya kitambaa si damu, angeshindwaje kusema kwa nini ugali ni mweusi? Kikohozi kikaja, kisha sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ni dawa yangu ya kidonda. Imemwagika."

"Kila siku imwagike?" shangazi akauliza.

"Imemwagika," akarudia. "Mwacheni mtoto wa watu."

Wakaniacha, lakini kwa kunipa muda tu, mpaka mume wangu aje aamue. Mimi kilichonikaa kooni kilikuwa ule uongo wake. Mtu asiyesema uongo hata kwa mzee wa kanisa amedanganya kwa ajili ya matone ya iodini. Anaficha nini? Kuanzia hapo nikaacha kusoma sahani, nikaanza kumsoma yeye.

Niligundua anakunywa maji kuliko ng'ombe aliyetoka Isongole kwa miguu. Jagi lilijazwa asubuhi, likajazwa tena kabla jua halijakaa vizuri. Niligundua maganda ya ndizi mbivu yamefukiwa nyuma ya stoo, na juu yake alama ya buti lenye mshono kisiginoni. Kumbe mwizi wa ndizi ni mwenye ndizi. Na nyuma ya bafu, penye mparachichi ambapo alipenda kusimama kujisaidia haja ndogo, niliona msafara wa sisimizi unapanda na kushuka, mweusi, mnene, asubuhi na jioni. Nilidhani anamwaga asali pale kwa kafara. Nikachuchumaa nikanusa. Haikuwa asali.

Nilikumbuka bibi yangu Tunduma. Kabla hospitali haijatuambia ana sukari, sisimizi walikuwa wameshatuambia. Walijaa pale alipomwaga kopo lake asubuhi, na sisi tukawa tunawamwagia majivu kana kwamba kosa ni lao.

Hapo kila kitu kikajipanga. Nilielewa kwamba Baba Mkwe anaumwa, anajua, na anaficha. Hospitali walimwambia apunguze vyakula vya wanga, ugali na viazi. Yeye akaukamata wanga kama alivyozoea, kwa tone: chakula kikigeuka cheusi, hakiliwi. Ugali ukawa mweusi, akauacha. Ndizi mbivu hazikugeuka, asali haikugeuka, basi hizo akazila zote! Na mwalimu wa sayansi anajua vizuri kwamba ndizi ikiiva, ule wanga wake umekuwa sukari. Aliwafundisha watoto wa watu hilo. Mtu aliyeshuku kila kitu Ibaba nzima hakukishuku alichokipenda.

Niseme kweli, nilifurahi kwanza. Nilikuwa na jibu la kumkata shangazi mdomo. Kisha nikaogopa, kwa sababu bibi yangu alikatwa mguu kabla hajafa. Nikimwambia mama mkwe, nani angeniamini? Mke anayeshukiwa kwa sumu akisema baba mkwe anaumwa, amejitia kitanzi mwenyewe. Na kumwambia yeye haikuwezekana. Kwa hiyo nikamuuliza kwa sahani.

Nilikata ndizi mbichi vipande, nikaweka upande mmoja. Upande wa pili nikaweka ndizi mbivu iliyomenywa, lakini kwanza niliipeleka chini ya ule mparachichi, kwenye njia ya sisimizi, nikangoja mpaka ikafunikwa. Nikaweka kawa juu, nikamkabidhi mama mkwe.

"Nini hiki?" akauliza.

"Ni swali la sayansi, mama. Mpe, usifunue."

Alisita, lakini akapeleka. Nikasimama nyuma ya mlango wa jiko. Nilisikia kawa linafunuliwa. Hakukohoa, wala sikusikia kiti kikisogea. Nikaanza kupanga nguo zangu kichwani, ipi nitabeba na ipi nitaacha. Kisha mabuti yakatoka uwanjani, yakasimama kwa kuku.

"Ninyi kuku," akasema, na sauti ilikuwa imekwaruza. "Mwambieni aliyeleta sahani hii kwamba ameuliza vizuri. Na mwambieni shangazi aje kesho."

Shangazi alikuja na viazi vyake vya kuchemsha, maana chakula changu alikuwa hali tena. Baba Mkwe alimkalisha uwanjani, mimi nikachungulia kwenye ufa wa mlango, nikaona mikono yake tu. Alichukua kiazi cha shangazi, kilichopikwa nyumbani kwa shangazi kwa maji ya shangazi, akadondosha tone. Kikawa cheusi palepale.

"Yesu wangu!" shangazi akaruka.

"Na wewe ni mchawi, dada?" akamuuliza kwa upole. Akadondosha kwenye unga wa mahindi, ukawa mweusi. Kwenye ndizi mbichi, nyeusi. Kisha akadondosha kwenye ugali wa moto uliotoka jikoni, na haukuonyesha weusi wowote. "Ngojeni upoe," alisema. "Ukiwa wa moto rangi haishiki. Ukipoa ndipo unasema." Tukangoja katika ule upepo, na ukasema. Nilisikia mama mkwe akianza kulia taratibu, nikajua analia kwa ajili yangu. Baba Mkwe akafunga kichupa. "Mimi nina sukari. Ugali nilikuwa nauchafua makusudi ili mkono usiurudie. Kesho mnipeleke hospitali."

Mama mkwe alikuja jikoni akanishika mikono yote miwili. Shangazi hakuomba radhi, ila siku iliyofuata alinitumia kuku, na kuku wa shangazi yule ni radhi kubwa kuliko maneno.

Miaka ilipita. Nyumba ya Tunduma ikapatikana, nikashuka mlima, na Baba Mkwe akawa anakuja kliniki kwa barabara ya Mpemba. Akifika kwangu, mimi nilijifungia chumbani mpaka aondoke, na chakula kilipitishwa na mume wangu. Sahani zilirudi safi. Sikuacha kuzikagua.

Mara ya mwisho aliletwa akiwa amedhoofu. Mama mkwe na mume wangu walitoka kufuata dawa, wakamwacha sebuleni kwenye kochi. Nje malori yalikuwa yanaunguruma kwenye foleni ya mpakani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, napika, nikamsikia anakohoa.

"Mkwe."

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Hakukuwa na kuku wowote pale.

"Mkwe, nakuita wewe. Macho yangu yamekwisha. Sukari imeyala, naona ukungu tu. Mwiko huu ni wa macho, na macho ya upande wangu yamekufa. Toka hapo nyuma ya pazia, unitazame."

Sikutoka mara moja. Mtu wa Tunduma akipewa kitu kizuri bila kuomba, huangalia kwanza kilichofichwa nyuma. Nikafungua pazia kidogo. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, hatikisiki. Nikaingia.

Uso wake ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Paji la mume wangu lilikuwa pale, na masikio makubwa yenye mvi ndani, na kovu dogo kwenye kidevu ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Miaka yote nilimwogopa mtu mwenye uso mkali, na huyu alikuwa na uso wa mtoto aliyekatazwa sukari.

"Baba," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia neno. "Kwa nini uliwaficha? Siku ile ya shangazi, ungesema tu unaumwa."

"Nilianza kuumwa mwezi ule ulipoletwa nyumbani. Mwezi uleule. Ningesema naumwa, wangemtazama nani? Mgeni alikuwa mmoja. Nikaona nijitibu kimyakimya mpaka wakuzoee." Akakohoa. "Sikujua zile sahani ndizo zinakushtaki. Chakula nilikiuliza. Watu sikuwauliza."

Nililia, sitaficha. Nililia nikiwa nimesimama mbele yake, namtazama, kwa sababu hakuwa ananiona. Kisha nikafuta uso, nikaenda kupakua: mchicha mwingi, samaki wa mchuzi wa manjano, ugali mdogo kama ngumi. Nikampa mkono kwa mkono. Vidole vyake vilipokea sahani bila kupapasa. Hakutoa kichupa. Akala.

Aliponirudishia sahani nikaelekea jikoni, na nilikuwa nimeshashika pazia aliposema, uso wake ukiwa bado dirishani:

"Hilo doa la manjano kwenye mkono wa gauni lako, usilipeleke kwenye sabuni. Lianike juani kwanza."

Nikatazama mkono wa gauni. Doa lilikuwepo, dogo kuliko punje ya ulezi.